Picha ya Darini

Mbuzi wa jirani nilimwona kwanza darini kwangu, miguu juu, anatembea kama inzi. Nilidhani ni dawa za maumivu zimenipanda kichwani. Kesho yake asubuhi, jua likiwa limekolea, akapita tena, na nyuma yake mtu mwenye kanzu, naye kichwa chini, na nyuma ya mtu huyo baiskeli ya magunia ya mkaa. Nikamwita mama. Mama akasimama katikati ya chumba, akatazama juu, akasoma dua, akatoka.

Ilinichukua muda kumjua mchawi. Ubao wa dirisha langu una tundu, palipokuwa na kifundo cha mti kikang'oka. Dirisha likifungwa na jua likiwaka nje, mwanga unapenya pale na kuibeba barabara yote mpaka darini. Nilimwomba mama azibe tundu kwa kidole: barabara ikazimika. Akatoa kidole: barabara ikarudi na watu wake. Sasa kwa nini inakuja kichwa chini? Nilikaa na swali hilo siku nyingi, maana siku ninazo. Mwisho nikajiambia kwamba mwanga wa miguuni unatoka chini kwenda juu, na wa kichwani unatoka juu kwenda chini, na tundu ni moja, basi lazima ipishane pale kama watu wawili mlangoni. Shule niliishia darasa la nne. Labda ndivyo, labda sivyo, lakini hakuna aliyenipa jibu bora zaidi.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia kutoka Dar es Salaam, hakunikuta mjinga kabisa wa mambo ya picha.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nataka nikuletee kitu cha kuangalia, uache kuhesabu mbao za dari. Chagua mwenyewe, tivii kubwa au projekta."

"Projekta ndiyo nini?"

"Kimashine kinatupa picha ukutani. Ukutani penyewe hakuna kitu, ni mwanga tu."

"Kichwa chini?"

"Nani kichwa chini?"

"Hizo picha."

Akacheka. "Hapana mama mdogo. Zinasimama kama watu."

Nikamwambia anipe muda nifikiri. Akasema nisifikiri sana, atakuja kughairi. Mtoto mzuri huyu. Ni binti wa dada yangu, na baba yake nitamfikia sasa hivi.

Mimi ni mtu wa kulala chali. Kukaa naweza, nikiegemezwa mito, muda wa kunywa uji, kisha mgongo unasema basi. Walionifikisha hapa nawajua na sina sababu ya kuwasitiri. Wa kwanza ni shemeji yangu, mume wa dada, baba wa huyo huyo mpwa: lori lilikuwa lake. Wa pili ni dereva wake, aliyekuwa anakunywa tangu Kaliua. Wa tatu ni fundi aliyeifunga breki kwa waya akasema itafika. Wa nne ni askari wa kizuizi cha barabarani aliyetumulika tochi sisi wanawake tulioketi juu ya marobota ya tumbaku, akamnusa dereva, akasema nendeni. Majina yao siyaandiki. Si kwamba nawaogopa. Mama yangu ameniomba, na mama ndiye anayenigeuza kitandani.

Nilikuwa natoka Kaliua kuuza karanga. Treni ilichelewa, shemeji akanipigia simu: panda lori, hilo la nyumbani, nauli ya nini. Lori la nyumbani likaanguka darajani na marobota yakatulalia. Wenzangu wawili wakafa. Njia hii yetu ya magharibi zamani ilipitisha misafara, na bibi alikuwa akituambia mpagazi aliyeshindwa kunyanyuka aliachwa pale pale, mzigo wake akapewa mwingine. Mimi sikuachwa. Nililetwa Tabora nimefunikwa khanga mpaka usoni.

Shemeji alifika hospitali kabla daktari hajasema neno, akaniona nilivyolala, akapiga simu nyumbani kwamba nimekufa. Kisha, ili aonekane mtu wa kuwajibika, akapitia sokoni akanunua sanda. Kitambaa kilipofika nyumbani, msiba umeshaanza, ikaja simu nyingine kwamba ninapumua. Ile sanda haikurudishwa dukani. Nani atamrudishia mwenye duka sanda, aseme mtu wake amepona? Kuigawa kwa mwenye msiba mwingine, mama aliona ni kumsukumia mtu kifo cha mwanawe. Akaitia chini kabisa ya sanduku lake, na tangu hapo haikutajwa.

Tangu ajali, watu nawajua kwa videvu. Mgeni akiingia anasimama pembeni ya kitanda, nami namwona kidevu na matundu ya pua. Ukiniuliza uso wa imamu wetu ukoje, sikumbuki. Lakini ndevu zake kwa chini ninaweza kukuchorea. Wanaketi, wanauliza hali, wananitazama kidogo, kisha macho yanaanza kutafuta pa kwenda.

Shemeji aliposikia kwa binti yake kwamba nimepewa kuchagua, alikuja siku hiyo hiyo na futi ya kuvuta.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Unapima nini?"

"Pa kuweka tivii. Usijihangaishe na projekta. Zile ni za kwenye semina. Mchana huoni kitu, na ina kelele kama feni."

"Umewahi kuwa nayo?"

"Nimewahi kwenda semina."

Chumba changu ni kidogo, na nyumba ni ya zamani, ya udongo, kuta zake nene. Shemeji alianza na ukuta wa mashariki. Huo umefanya tumbo. Akaugonga kwa kifundo cha kidole na udongo ukamwagikia kiatuni. Wa magharibi una dirisha. Wa kusini, miguuni pangu, una mlango, na pembeni ya mlango hapatoshi hata kalenda. Akabaki ule wa kaskazini, ulio nyuma ya kichwa changu. Akakanyaga ukingo wa kitanda, akavuta futi yake kutoka kona mpaka kona, mkanda wa suruali ukiwa juu ya uso wangu.

"Hapa," akasema. "Inchi sitini na tano inakaa bila wasiwasi."

"Hapo ni juu ya kichwa changu."

"Ndiyo."

"Nitaionaje?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, nami ni shahidi.

"Utakuwa unasikiliza," akasema.

Akaondoka ameridhika, akisema mechi za timu zetu mbili za Kariakoo sasa tutaangalia hapa hapa, nami nitapata wageni. Nilibaki nikiwaona hao wageni. Benchi miguuni, shemeji na wenzake wamepanga mstari, wote wananielekea mimi, na hakuna hata mmoja anayenitazama. Macho yao sasa yangepata pa kwenda. Mimi ningekuwa kitu kama meza ya televisheni, ila meza haiulizi nani kafunga.

Hilo ndilo nililoliogopa. Si ukubwa wa kioo wala bei yake.

Jibu rahisi lilikuwa kukigeuza kitanda. Nikamwambia mama. Mama alikuwa anapeta mchele, hakusimamisha ungo.

"Kibla chetu kiko wapi?"

"Kaskazini."

"Na miguu yako ikigeuzwa itaelekea wapi?"

"Mama, mimi ninalala tu. Sina nia mbaya."

"Kaburini utalazwa vizuri, na humu ndani utalazwa vizuri. Miguu ya mwanangu haitaelekea kibla mimi nikiwa hai."

Nikajaribu njia nyingine. Nilimwomba mama ashike kioo chake cha ukutani miguuni pangu, na simu nikaiegemeza kwenye mto nyuma ya kichwa, taarifa ya habari ikiendelea. Nikaiona kiooni. Lakini maandishi yalikuja kinyumenyume, na ilipofika michezo wachezaji wote wakawa wa mguu wa kushoto. Lilinivutia jambo lile: kwa nini kioo kinageuza kushoto na kulia tu, na hakigeuzi juu na chini? Tundu la dirisha linageuza vyote. Niliwaza mpaka mama akasema mikono inamwuma, na kioo si cha kuchezea.

Usiku ulipoingia nikawasha tochi na kuielekeza juu. Duara likatokea darini. Nikaiinua tochi, duara likapungua. Nikaishusha mpaka ubavuni mwa kitanda, likatanuka. Nikaweka chanuo mbele yake, na meno ya chanuo yakasimama darini kama nguzo za ua. Ndipo akili ikanijia. Kila mtu alikuwa anatafuta ukuta, na mimi nina dari. Katika nyumba nzima hakuna anayelijua dari kuliko mimi.

Nikamwita fundi wa madishi. Huyu ni Mgogo, mtu wa makamo, ameishi hapa Itetemia, Tabora, tangu ujana, na kwetu sisi Wanyamwezi ni mtani. Babu zetu walipita kwao na mizigo na babu zao wakawasumbua njiani. Tangu hapo tunatukanana kwa amani. Yeye hukodisha projekta kwenye maharusi.

"Mtani," akaniita kutoka mlangoni, mashine iko begani. "Bado hujafa tu?"

Angekuwa mwingine, mama angemtoa kwa mwiko.

"Nakungoja utangulie," nikamwambia, "nile ubwabwa wa arobaini yako."

"Hutausikia hata harufu. Kwetu Mnyamwezi anapewa ukoko." Akaweka mashine chini. "Haya, ukuta uko wapi?"

"Hakuna ukuta. Itupe juu."

Akanitazama, akatazama dari, akanitazama tena. Sasa mtu huyu sikuona kidevu chake tu, maana alichuchumaa. "Mtani," akasema taratibu, "akili hiyo umeitoa wapi? Kwenu hamna."

Mashine ya kutupa juu inataka kusimama wima na kupumua, asemavyo, la sivyo inaungua. Akaomba kreti tupu ya soda, akaisimamisha mashine ndani yake, ikawa hewa inapita kwenye matundu. Mama akaketi mlangoni kuangalia. Fundi akafunga dirisha na kuwasha.

Dari langu ni la mbao nyembamba, na mvua zimelichora. Mtangazaji alitokea mkubwa kama kitanda, ana alama ya kahawia kutoka jicho hadi shingo, ungesema amemwagiwa chai. Fundi akasema tutandike shuka. Mashuka yetu yote yana maua. Tulibana moja, na mtangazaji akachipua waridi puani. Mama akacheka, mara ya kwanza siku ile.

"Kinatakiwa kitambaa cheupe," fundi akasema. "Kipana, kisicho na maua, kisichong'aa. Bafta hasa."

Mama akaacha kucheka. Tukatazamana. Fundi akatutazama sote wawili.

"Mama," nikasema, "ipo sandukuni."

"Hapana."

"Ni nyeupe, na ni yangu."

"Nimesema hapana. Sitamtandikia mwanangu sanda juu ya uso wake. Sikuomba dua zote zile ili nije nikutundikie mimi mwenyewe."

Fundi akauliza sanda gani. Mama akamweleza, kwa maneno machache, akiangalia sakafu. Lori, hospitali, simu ya kwanza, simu ya pili. Nilidhani fundi atafungasha vitu vyake. Badala yake akaiweka bisibisi chini, akavuta uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Sanda ya mtani wangu inanunuliwa, inakaa humu ndani miaka yote hii, na mimi sijaitwa?"

"Hakufa," mama akasema.

"Kutokufa ni kosa lake yeye. Sanda ilishanunuliwa. Msiba ulianza au haukuanza?"

"Ulianza."

"Watu walilia?"

"Walilia."

"Na mtani hakupewa chochote. Bibi, hii kesi nikiipeleka kwa wazee wa Kigogo, hamtapita tena Dodoma." Akaingia chumba cha mama bila kukaribishwa, kama watani wafanyavyo msibani, nikamsikia akikaa chini. "Nimelikalia sanduku. Siondoki mpaka nipewe haki yangu."

Wasiojua desturi hii wataona mtu hana adabu. Lakini msibani mtani hulala juu ya kitanda cha maiti, hujifanya ndiye maiti, huficha jembe la kuchimbia, na hakuna wa kumkemea. Kazi yake ni hiyo, kukishika kifo kwa mkono mchafu ili wengine waweze kukigusa. Na anachokidai hupewa, au kinakombolewa.

Mama akamfuata. Nilisikia tu, kama shemeji alivyoniahidi kwamba nitasikiliza.

"Nikupe jogoo, uondoke?"

"Silijui jogoo lako. Naijua sanda yangu."

"Asali je? Nina kidumu kimetoka Sikonge."

"Asali nitachukua pia. Sanda kwanza."

"Wewe Mgogo huna haya."

"Haya nilimwachia babu yako pale kisimani, aliponywa maji asiage."

Kisha nikasikia ufunguo. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja, na alikuwa akimwambia mtani wetu maneno mabaya sana kwa Kinyamwezi, lakini sanduku lilikuwa linafunguka.

Fundi akarudi na kitambaa begani. "Sasa ni changu," akatangaza. "Na changu nakitundika ninapotaka."

Akakipigilia darini kwa vijipini, kona kwa kona. Kilinuka karafuu maiti na magazeti ya zamani. Mikunjo yake ilikuwa bado mikali. Nilikitazama kwa makini, sitaki kudanganya. Ni mtu gani hupata nafasi ya kukitazama kile kitambaa kwa utulivu? Kilikuwa kizuri. Uzi wake umekaa sawa, na upana wake ungewatosha wawili.

Nilimwomba asianze na picha. Awashe mwanga mtupu kwanza. Mwanga ukapanda kutoka kwenye kreti, na ndani yake vumbi la nyumba yetu likawa linaelea, chembe moja moja, zinapanda na kushuka bila haraka. Miaka yote nimelivuta vumbi hilo na sikujua lina mwendo. Nikaingiza mkono. Mkono wangu huu, ambao hauinui hata birika, ukafunika dari zima, nikafunga vidole na chumba kikawa giza.

"Mtani, unaharibu sinema," fundi akasema, akawasha picha.

Ilikuwa habari ya watu wanaovua ziwani, wamesimama wima kama mpwa alivyosema. Fundi aliinua shingo kidogo tu, akashika kisogo. "Hii haiangaliwi ukiwa umesimama," akasema, akavuta mkeka akalala chini. Mama naye akasimama kidogo, akaona shingo inamwuma, akapanda kitandani akalala ubavuni mwangu. Nikageuza kichwa. Uso wa mama ulikuwa sawa na uso wangu, pua kwa pua. Ana kovu dogo juu ya jicho ambalo nilikuwa nimelisahau. Yeye alikuwa anatazama samaki.

Nikampigia mpwa wangu jioni ile ile. Nikamwambia projekta. Akauliza, na mchana je? Nikamwambia mchana nina tundu langu, na mbuzi kwenye bafta ataonekana mpaka ndevu.

Ilipofika projekta ya mpwa, ikakaa kwenye kreti ile ile. Shemeji hakufurahi, lakini mechi ni mechi. Siku timu zetu zilipokutana alikuja baada ya magharibi na kiti chake cha plastiki. Akaketi, akainua shingo. Akakisogeza kiti. Akakiegemeza ukutani, udongo ukammwagikia. Watu wengine walikuwa wameshalala mikekani, wamejipanga kama samaki wa kuanikwa, na dada yangu miongoni mwao, akamwambia, "Baba nanihii, lala chini, unatuzibia."

Nafasi iliyobaki ilikuwa mkekani, ubavuni mwa kitanda changu. Akalala chali, tumbo likasimama. Nikageuza kichwa nikamtazama kutoka juu. Sikuwahi kumwona shemeji kutoka juu tangu siku ya harusi yake, nilipokuwa nimebebwa begani. Nywele zimemtoka katikati.

Mpira ukaendelea. Wakati wa mapumziko matangazo yakaja na weupe mwingi, na mikunjo ya kitambaa ikaonekana. Nikamwona anakodoa macho.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ndogo. "Hiki kitambaa..."

"Ndicho."

Watu walikuwa wanabishana kuhusu penalti.

"Ulinunua kizuri," nikamwambia. "Ila hukunipima. Ni kirefu mno."

Sikuwa nangoja ajibu. Miaka yote hajanitamkia neno moja kuhusu lile lori, na usiku ule pia hakulitamka. Lakini hakuwa na pa kupeleka macho. Ukifumbua macho unaiona sanda, ukigeuka unaniona mimi. Kipindi cha pili chote alikitazama hivyo, na timu yake ilipofunga hakupiga makofi.

Mpira ulipokwisha watu wakanyanyuka mmoja mmoja, wakaaga. Safari hii waliniaga machoni, kabla hawajasimama. Shemeji akajaribu kuinuka. Goti lake bovu, mgongo umekakamaa, tumbo halimsaidii. Akainuka nusu, akarudi chini. Dada yangu alikuwa ameshatoka uani. Akainua mkono wake kuelekea kitandani.

"Shemeji, nishike kidogo."

Mkono wake ulikuwa karibu na wangu. Nikauangalia. Niliwaza, huu ndio ulioshika simu. Projekta ilikuwa bado inawaka, mwanga mtupu, vumbi linapanda na kushuka kati yetu.

"Subiri," nikamwambia. "Lala kwanza. Tazama hapo juu, upande wa dirishani. Kuna tundu ubaoni. Asubuhi mbuzi hupita hapo darini miguu juu. Nikuulize, wewe unadhani ni kwa nini?"

Akalaza kichwa mkekani, akatazama.